Elimu ya Viungo: Mwalimu wa Shule ya Msingi Ajue Nini?

(Mazungumzo kwa walimu wa shule za msingi)



Katika ratiba inayobandikwa ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu, kipindi cha michezo kimo. Ratiba haisemi uongo. Lakini saa yake inapofika, hasa katika madarasa yanayokaribia mtihani, kipindi hicho ndicho cha kwanza kutwaliwa. Leo kinatwaliwa na Hisabati ambayo haikumalizika asubuhi. Kesho kinatwaliwa na kazi ya kufyeka majani nyuma ya vyoo. Keshokutwa watoto hupewa mpira mmoja wakaambiwa waende uwanjani, naye mwalimu akabaki kivulini akisahihisha madaftari. Hapana anayelalamika. Mzazi hana habari, mthibiti ubora wa shule ana mengine mengi ya kuuliza, na mtoto, ambaye ndiye mwenye mali, hana mahali pa kushtaki.

Si haki kusema kwamba chanzo cha jambo hili ni uvivu wa walimu. Mwalimu yuleyule anayeacha kipindi cha viungo kipotee ndiye anayebaki shuleni hadi jioni akiwafundisha watoto kugawanya sehemu. Chanzo ni kwamba dhana yenyewe haijaeleweka. Mtu halindi kitu ambacho hajui thamani yake, na somo hili limebadilishwa jina mara nyingi kiasi cha kuwachanganya hata wanaolipenda. Kwa miaka mingi liliitwa Haiba na Michezo. Katika mtaala wa mwaka 2023 limo ndani ya Sanaa na Michezo. Na wazee wengi bado huliita mazoezi tu. Kwa hiyo yafaa kuanza na maana.

Mchezo ni jambo la mtoto mwenyewe. Huanza bila mwalimu, huendelea bila mwalimu, na huisha jua linapozama au mama anapoita. Mazoezi ni kurudia kitendo ili mwili ukizoee au upate nguvu. Mashindano ni kupima nani zaidi ya nani. Elimu ya viungo hutumia yote matatu, lakini si mojawapo ya hayo. Elimu ya viungo ni kumfundisha mtoto kuutawala mwili wake, kuufahamu na kuutunza, kwa njia ya mwendo, kwa mpango, na kwa kufuata umri wake. Neno zito hapo ni kufundisha. Palipo na kufundisha pana azimio la kazi, pana andalio la somo, pana kitu ambacho mtoto hakukiweza Jumatatu na anakiweza Ijumaa. Kama hakuna kitu hicho, basi palikuwa na mchezo, nao ni mzuri, lakini somo halikuwapo.

Upotofu wa dhana hii una historia. Somo la viungo katika shule za Ulaya lilizaliwa jirani na kambi ya jeshi. Huko Sweden, Per Henrik Ling alifungua chuo chake cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, na mpango wake wa mazoezi ya safu na amri ulienea nchi nyingi. Uingereza nayo, baada ya Vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, ilishtuka kuona kwamba vijana wengi wa tabaka la wafanyakazi waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikuwa dhaifu mno. Kumbe ubepari uliokuwa umewabana katika vyumba vya giza na viwanda vya moshi sasa uliwataka wawe na vifua vipana ili wakaupiganie! Mazoezi ya viungo yakatiliwa mkazo katika shule za watoto wa maskini, na mwongozo maarufu wa mwaka 1933 uliotolewa kwa ajili ya shule za Uingereza ulikuwa mmoja katika mfululizo wa miongozo ya namna hiyo. Mazoezi ya safu na amri yakavuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni. Moja, mbili! Mikono juu! Mikono chini! Lengo halikuwa mtoto autawale mwili wake. Lengo lilikuwa mwili wa mtoto utawaliwe na mwenye filimbi.

Bendera ya mkoloni iliteremka mwaka 1961, lakini filimbi ilibaki. Mwalimu wa leo anayedhani kwamba somo la viungo ni kuwapanga watoto safu na kuwaamrisha hana habari kwamba anafundisha kwa kitabu ambacho waandishi wake walikwisha kukiacha zamani.

Hapa ndipo lazima lizungumzwe jembe. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alilaumu elimu iliyomtenga kijana na kazi na kumfanya aone kuchafua mikono ni aibu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini baadhi ya watu walichukua maneno yale wakayafupisha kupita kiasi, wakasema: mtoto wa mkulima anachota maji, anatafuta kuni, analima, anahitaji mazoezi gani tena? Swali hilo bado linaulizwa vijijini hadi leo, na wala si swali la kijinga. Mtoto anayetembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi ana pumzi kuliko mtoto wa mjini anayebebwa na bodaboda hadi mlangoni.

Jibu lake ni kwamba kazi huufundisha mwili jambo moja na kuurudisha hapohapo kila siku. Ndoo hukaa kichwani, jembe hushikwa upande mmoja, mgongo huinama kwa namna ileile. Mwili wa mtoto bado unajengwa. Mifupa yake mirefu bado ina sehemu laini karibu na ncha, ambako urefu unaongezeka. Unahitaji kuvutwa na kukunjwa kwa namna nyingi: kuruka na kutua, kujizungusha, kurusha kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kusimama kwa mguu mmoja, kukwepa. Aidha, kazi hufanywa kwa sababu lazima ifanyike. Mtoto hapewi nafasi ya kujaribu njia tano ili aone ipi ni bora. Katika somo la viungo nafasi hiyo ipo, na ndiyo inayomfanya awe mwanafunzi badala ya kuwa kibarua mdogo. Kwa mtoto wa mjini hoja ni nyepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zinazowafanya wahemeke. Mtoto anayetoka dawatini akaingia katika gari, kisha akakaa mbele ya televisheni au simu ya mzazi, atazipata wapi dakika hizo kama shule nayo imemnyima?

MCHAKAMCHAKA

Shule za Tanzania zina mali yao ambayo mataifa mengi hayana, nayo ni mchakamchaka. Alfajiri shule nzima inakimbia kwa nyimbo, kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia, vumbi linatimka, na kijiji kinaamka. Hakuna anayepaswa kuudharau. Unajenga pumzi, unajenga umoja, hauna gharama, na wimbo humfanya mtoto asahau kwamba anachoka.

Hata hivyo, mchakamchaka haukuwa somo la viungo wala hauwezi kuchukua nafasi yake. Mtoto wa darasa la kwanza na kijana wa darasa la saba hukimbia kwa mwendo mmoja. Kwa huyu ni matembezi, kwa yule ni mateso. Wengi hukimbia bila kutia kitu tumboni tangu jioni iliyopita. Hakuna anayefundishwa namna ya kukanyaga, namna ya kupumua, wala sababu ya kukimbia. Shule inayotaka kuutumia vizuri inaweza kuwagawa watoto kwa umri, wadogo wakazunguka njia fupi, na mwalimu wa zamu akakimbia nao badala ya kusimama getini na fimbo akihesabu waliochelewa.

Na hiyo fimbo inaleta jambo baya kuliko yote. Katika shule nyingi, mtoto aliyechelewa huzungushwa uwanja mara kumi. Aliyepiga kelele hupigishwa pushapu. Aliyesahau daftari huruka kichurachura kutoka bendera hadi mlango wa darasa. Kisha, saa sita, mwalimu yuleyule huwatoa watoto walewale katika uwanja uleule na kuwaambia: leo mtajifunza kukimbia na kuruka, furahini! Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayetaka watoto wapende vitabu ambaye humwadhibu mkosaji kwa kumsomesha hadithi. Mwendo wa mwili ukishakuwa adhabu, mtoto huuchukia, na chuki hiyo huondoka naye shuleni. Zaidi ya hayo, kichurachura cha mwendo mrefu kinatesa magoti ya mtoto anayekua. Kati ya mambo yote yaliyomo katika mazungumzo haya, hili halihitaji fedha, halihitaji semina, halihitaji kibali cha wizara. Linaweza kukoma kesho asubuhi.

KIPINDI CHENYEWE

Mwendo wa binadamu, ukiuchambua, una makundi matatu. Kuna mwendo wa kutoka mahali hadi mahali pengine: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa. Kuna mwendo wa mwili uliosimama mahali pake: kuinama, kujinyoosha, kujipinda, kujizuia usianguke. Na kuna mwendo wa kushughulika na kitu: kurusha, kudaka, kupiga teke, kudundisha. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili ajifunze hivyo kimoja kimoja, kwa michezo mifupi na hadithi za kuigiza wanyama. Wa darasa la tatu na la nne aviunganishe: akimbie huku akidaka, aruke kisha ageuke. Ndipo wa darasa la tano na kuendelea aingie katika netiboli, mpira wa miguu, riadha na mpira wa wavu pamoja na sheria zake. Shule nyingi hugeuza mpango huu juu chini. Mtoto wa miaka saba anatupwa katika uwanja mkubwa na wenzake ishirini na mmoja. Wawili wenye kasi wanaufukuza mpira, waliobaki wanaokota nyasi.

Kila kipindi kina mwanzo, kiini na mwisho. Mwanzo ni kupasha mwili moto, dakika tano hadi saba, kwa mwendo mwepesi unaozidi kidogo kidogo. Kiini ni jambo moja jipya, si matano. Mwisho ni kuupooza mwili kwa kutembea na kujinyoosha, mapigo ya moyo yarudi, kisha maji. Watoto wa darasa la nne wanaweza kufundishwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, wakahesabu mapigo kwa sekunde 15, wakazidisha mara nne. Wahesabu kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia. Hapo mtoto amejifunza Sayansi, amejifunza Hisabati, na amejua kwamba ndani yake kuna injini inayomtii. Mwalimu wa Hisabati aliyekuwa na haja ya kukitwaa kipindi apewe jibu hilo.

Tatizo kubwa la mwalimu wa nchi hii ni wingi wa watoto. Darasa la watoto 80 si ajabu. Lakini hesabu kidogo itaonyesha kwamba shida si wingi peke yake, bali mpangilio. Chukua mbio za kupokezana vijiti. Mwalimu akiwapanga watoto 80 katika mistari miwili, kila mstari una watoto 40. Kila mtoto akikimbia kwa sekunde 15, zoezi litachukua dakika 10, na katika dakika hizo kila mtoto amekimbia sekunde 15 na kusimama juani muda wote uliobaki. Akiwapanga katika mistari minane ya watoto kumi kumi, mzunguko mmoja unaisha kwa dakika mbili na nusu, na katika dakika zilezile 10 kila mtoto amekimbia mara nne. Hakuna kilichoongezwa ila vijiti sita, na vijiti viko mtini. Kosa la kwanza la kutazamwa katika kipindi chochote cha viungo ni foleni.

Vifaa navyo vimefanywa kisingizio kwa muda mrefu mno. Mipira ya matambara na nailoni iliyofungwa kwa kamba hutengenezwa na watoto wenyewe, na mara nyingi kwa ustadi kuliko wa mwalimu. Kamba ya katani ya kurukia, chupa za plastiki zilizojazwa mchanga badala ya vigingi, tairi kuukuu la pikipiki la kurushia mpira ndani yake, mstari wa majivu chini: hivyo vinatosha kuendesha mwaka mzima. Mpira mmoja wa dukani kwa darasa zima ni hasara kuliko mipira kumi ya matambara.

Kuna hazina nyingine ambayo haijatumika. Mchezo wa rede unachezwa karibu kila mtaa na kila kijiji: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa. Mwalimu auchunguze mchezo huo. Anayerusha anajifunza shabaha, anayekwepa anajifunza wepesi, kuona mbali na kukata shauri kwa haraka, wote wanahesabu. Mtaalamu wa kigeni angeuandika katika kitabu na kuuza. Kasoro yake ni moja tu kwa upande wa kufundishia: aliyelengwa hutoka. Na nani hulengwa kwanza? Ni mtoto mzito, mwoga au asiyezoea, yaani yule hasa aliyehitaji zoezi hilo kuliko wengine. Sheria ibadilishwe kidogo: aliyelengwa abadilishane nafasi na aliyemlenga. Mchezo unabaki mtamu, na hakuna anayekaa pembeni. Kombolela, mdako na kuruka kamba nayo ichunguzwe kwa jicho hilohilo.

Wasichana wanahitaji neno la peke yao. Darasa la tano na la sita ndiko wengi wao huacha kukimbia, si kwa sababu miili yao imekataa, bali kwa sababu sketi ya shule haifai, macho ya wavulana yanawakaza, na siku za hedhi hakuna wa kumwambia. Ruhusa ya kuvaa suruali au bukta ndefu siku ya kipindi, na mwalimu wa kike wa kuongea naye, huwarudisha wengi uwanjani. Mtoto asiyeona naye ana nafasi yake: kopo dogo lenye vijiwe likishonewa ndani ya mpira wa matambara, mpira huo unasikika ukibingirika, na ndivyo ulivyo mchezo wa golboli unaochezwa na wasioona katika michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1976.

Mwalimu pia ajue afya ya watoto wake kabla ya kupuliza filimbi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huo hafukuzwi katika somo, lakini halazimishwi kushindana. Apewe maji mara kwa mara, apumzike anapohitaji bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake, na asiachwe na nguo mbichi wakati wa baridi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, si nyumbani. Mtoto akisema kifua kinambana, mwalimu asimwite mvivu. Orodha ya watoto hao, iliyopatikana kwa kuwauliza wazazi mwanzoni mwa mwaka na kuhifadhiwa kwa siri, ni kazi ya siku moja.

Kuhusu medali, maneno machache. Filbert Bayi alipoongoza tangu mwanzo hadi mwisho mbio za mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 na kuvunja rekodi ya dunia, nchi nzima ilisimama wima. Mwaka 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha, nazo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata hadi michezo ya mwaka 2024. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Kila mara ushindi unapokuja, au unapokosekana, hutolewa wito wa kuibua vipaji mashuleni, na walimu wakuu huelekeza mipira, muda na chai kwa watoto ishirini wanaokwenda UMITASHUMTA. Mashindano hayo yana faida na yaendelee. Lakini mkataba wa UNESCO wa tarehe 21 Novemba 1978 ulitamka kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya msingi ya watu wote. Haukusema ni haki ya wenye kasi. Shule yenye watoto 900 inayowafundisha ishirini tu haijafundisha somo hili, hata kama kabati la ofisi limejaa vikombe.

Kutathmini kusifanywe kwa saa ya kupimia pekee. Mtoto aliyeanza mwaka hawezi kudaka na sasa anadaka mara saba kati ya kumi amefaulu, ingawa jirani yake alidaka kumi tangu mwanzo.

Limebaki suala la ardhi. Yako maeneo ambako uwanja wa shule umemegwa kidogo kidogo: kibanda upande huu, njia ya magari upande ule, kiwanja cha mtu ambaye hakuna anayemjua kule nyuma. Mwalimu wa michezo na kamati ya shule waupime uwanja wao, wapande miti au minyaa mipakani, na mwenyekiti afuatilie hati halmashauri kabla ya mwenye fedha hajatangulia. Mahali ambapo ardhi imekwisha kabisa, somo bado linawezekana. Uwanja kamili wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25; ua ulio kati ya majengo mawili ya madarasa mara nyingi unalingana na huo au unaukaribia, na ndani yake vikundi vinane vya rede vinaenea.